Huduma za kanisa: kufumua zote au kupitia moja moja?

Mambo yakiyumba muda mrefu, baraza la wazee hujikuta na njia mbili. Ya kwanza ni kusimamisha kila kitu, kwaya, vijana, mikesha, kisha kurudisha kile tu kinachoonekana kuhitajika. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini simamisha kwaya Mbagala leo. Mwezi ujao waimbaji wako kanisa la jirani, na sare wameshashona.

Ya pili ni kupitia huduma moja moja kila robo mwaka: nani anakuja, nani anabeba mzigo, fedha zinatoka wapi. Inachosha, tena wenye huduma dhaifu hupata muda wa kutafuta watetezi (na huwapata). Hata hivyo, kwa Dar naichagua hii. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, lakini nyumba za ibada ziliachwa wazi. Makanisa yalijirekebisha huku yakiendelea, ndoo za maji mlangoni, viti vikiachanishwa. Jumuiya za nyumbani ziguswe mwisho, maana hazidai nauli ya Gongo la Mboto hadi mjini wala mafuta ya jenereta. Kufumua zote kunafaa pale tu deni limeshafika shingoni.