Michoro ya Kolo: nilikuja kutoa nyota moja

Safari yenyewe ilikuwa mwaka jana, Pasaka au wiki zile za baada yake, alizeti zilikuwa zimechanua njia nzima. Lakini hasira bado ninayo, kwa hiyo mnisamehe mapema.

Kolo wengi mnaipita tu. Ni kijiji cha barabarani, ukitoka Kondoa mjini kwenda Babati. Mimi nimeipita sijui mara ngapi nikienda Arusha, nimelala mdomo wazi, bila kujua kwamba kwenye vilima vile kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sisi kila siku Ngorongoro, Ngorongoro.

Basi kuna jamaa anaandaa safari za vikundi, jina nalihifadhi, anajijua. Alitangaza siku moja ya Kolo, usafiri na chakula humo humo. Chakula kilikuwa chipsi zilizolala. Hilo nimelisamehe.

Lisilosameheka ni filimbi. Mtu mzima na ndevu zake amekuja mlimani na filimbi! Kushuka kwenye kosta, filimbi. Mmoja akienda kuchimba dawa, filimbi.

Pale Kolo hupandi peke yako, unapewa mwongozaji. Wetu alikuwa mzee wa kandambili, anaruka mawe kama mbuzi huku sisi wenye raba tunahema. Tulipofika kwenye mwamba wenyewe, Mungomi wa Kolo, nikaona ukuta wa jiwe wenye madoa. Nikasema moyoni, leo nimeliwa. Mzee akacheka. "Msitafute. Tulieni kwanza, macho yazoee."

Tukatulia. Na kweli, taratibu likajitokeza shingo la twiga. Halafu mnyama mwingine juu yake, halafu watu: wembamba, warefu, wekundu, vichwa vimefura kama afro za miaka ya sabini. Juu ya wekundu kuna michoro myeupe, minene, ya watu waliokuja baadaye sana. Mzee akatueleza kuhusu mchoro mmoja wa miamba hiyo, watu wamemshika mwenzao huku na huku wanamvuta. Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyekuja kuinakili michoro hii mwaka 1951, alidhani ni mwanamke anatekwa. "Wengine wanasema ni ngoma," mzee akasema. "Nyie mnaotoka mjini mnaonaje?" Tukaanza kubishana, kila mtu na lake, raha tupu. Kwa dakika zile ningetoa nyota kumi.

Filimbi. "Jamani, picha, tunashuka!"

Picha zikawa hazitoki, mwekundu juu ya jiwe jekundu. Jamaa yetu akafungua chupa ya maji, akaumwagia mwamba. Hivi hivi, kama anayemwagilia mchicha. Rangi ikawaka papo hapo, utadhani imepakwa jana, na simu zote zikainuka.

Mzee alipiga kelele ambayo sikutegemea itoke kwenye kifua kile. "Mwanangu! Unafuta!" Kisha kwa sauti ya chini akaeleza kwamba maji yanaila rangi kidogo kidogo, na yakikauka yanaacha chumvi, jiwe linaota ukungu mweupe usiotoka.

"Mzee, acha kukuza mambo. Kwani huku mvua hainyeshi?"

"Mvua haifiki hapa. Ndiyo maana bado ipo."

Mtu mwenye haya angenyamaza hapo. Huyu, kwa kuwa mzee alishatusimulia kwamba Warangi, wenyeji wa huku, bado wanakuja hapo kufanya tambiko na kuomba mvua, na pombe inarushwa mwambani, akadaka hilo hilo: na hao je? Mzee akakaa kimya kidogo. "Hao wana miadi na mwenyewe." Akatuonyesha mashimo waliyochimba watu wakitafuta mali ya Mjerumani, eti dhahabu iliyofukiwa wakati wa vita, akasema mwamba huu una maadui wa kila aina. Jibu lile la pombe halikunitosha, nakiri. Lakini mwenye chupa hakuwa na la kujibu kabisa.

Basi hukumu yangu: mahali nyota tano, safari sifuri. Nendeni, ila nendeni wawili watatu, mlipie mwongozaji wenu, mkae hata nusu siku. Au msiende kabisa, maana tukijaa huko na chupa zetu sijui kitabaki nini. Hapana, nendeni. Mzee yule anastahili wageni wanaosikiliza.

Pesa yangu niliiomba irudishwe. Nikajibiwa kwamba mbona picha nilipata.

Na nilipata. Katika picha zangu zote za Kolo, inayoonekana vizuri ni moja tu, ile ya mwamba uliolowa. Nimeifuta mara mbili, na mara zote mbili nimeirudisha.