Mitumba ya Nairobi kwa Anayepungua Baada ya Operesheni: Wapi pa Kuanzia, Wapi pa Kuacha

Operesheni ya kukata mfuko wa tumbo huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko huo, na kilo hushuka kwa kasi zaidi miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo mwendo hupungua, mpaka uzito utulie baada ya mwaka mmoja au mwaka na nusu hivi. Suruali ya Machi inakupwaya Mei, na hiyo ya Mei ikifika Agosti unaishikilia kwa mkono ukivuka barabara. Basi kabla hujatoka nyumbani, amua nguo ya miezi miwili unaweza kuilipia pesa ngapi. Kwangu mimi ni shilingi 300, labda 400 ikiwa ya kazini. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho, na kwa mambo mengine mawili: kama unaweza kuijaribu nguo kabla ya kulipa, na kama soko lenyewe litauchosha mwili ambao bado unapona.

1. Soko la Toi

Watu wa soko kubwa la Gikomba watanikasirikia, lakini kwa mtu anayepungua Toi ndiyo ya kwanza. Iko kati ya Kibera na Adams Arcade, hatua chache kutoka Ngong Road, na uzuri wake ni kwamba nguo nyingi zimetundikwa kwenye hanga. Kwa kawaida daktari hukukataza kubeba vitu vizito na kukaza misuli ya tumbo kwa wiki nne hadi sita hivi. Kuinama saa nzima ukichakura lundo la nguo ni kazi ya tumbo, hata kama huioni hivyo. Toi unasimama wima, unasukuma hanga moja baada ya nyingine, ukichoka unaombwa ukae kwenye kiti cha plastiki.

Chumba cha kujaribia usitarajie. Vaa taiti na fulana ya kubana kutoka nyumbani, uvalie nguo juu yake papo hapo, muuzaji akikushikia leso kama una haya. Kuna ule ujanja wa zamani wa kuzungusha kiuno cha suruali shingoni: ncha zikikutana nyuma, basi inakutosha. Kwako wewe haufai. Shingo na kiuno havipungui kwa kasi moja, na suruali iliyokubali shingoni inaweza kukataa mapajani. Beba tepu ya fundi. Tandaza suruali mezani, pima kiuno kutoka upande mmoja hadi mwingine, zidisha mara mbili, kisha ulinganishe na kiuno chako ulichokipima asubuhi hiyo, si cha wiki iliyopita. Lebo usiiamini peke yake: 16 ya Uingereza ni kama 12 ya Marekani na 42 ya Ujerumani, na zote tatu utazikuta zimetundikwa pamoja.

Miezi mitatu ya kwanza tafuta mpira kiunoni, gauni la kufunga kwa mshipi, sketi ya kuzungusha. Sogeza mpira karibu na sikio uuvute: ukisikia unakwaruza na kukatikakatika ndani, umeshazeeka, rudisha. Angalia pia mapaja kwa upande wa ndani, maana suruali za mtu mnene huchakaa hapo kwanza, na wewe bado uko kwenye saizi hizo.

Bei ya gauni la kawaida mara nyingi huzunguka shilingi 200 hadi 500, na za kamera, zile zinazochaguliwa mwanzo kabisa robota likifunguliwa, hupanda zaidi ya hapo. Kamera waachie wengine kwa sasa. Mazungumzo huwa hivi:

"Siste, hiyo ni kamera, nimefungua leo asubuhi."

"Naiona mama, ni safi kabisa. Lakini mimi napungua, mwezi ujao itakuwa imenipwaya. Nitolee ya mia mbili."

"Si utakuja nikuuzie ndogo yake!"

Na kweli utarudi. Ndiyo maana inafaa uchague wauzaji wawili watatu na ushikamane nao. Akishajua saizi yako inashuka atakuwekea, na wengine hukubali urudishe ya zamani ikiwa safi, wakupunguzie bei ya ile mpya. Hilo huwezi kulipata kwa mtu uliyemkuta leo ukapita.

2. Fundi wa mtaani

Kuna miezi ambayo ningemweka wa kwanza, hasa wa tatu hadi wa sita, wakati nguo ulizo nazo bado ni nzuri ila zimekuwa gunia. Kubana kiuno cha suruali mara nyingi hakupiti shilingi 300, na anamaliza ukisubiri.

Lakini ana mipaka. Jinzi hupunguzwa kwa kukata nyuma, katikati. Ikipunguzwa zaidi ya saizi mbili mifuko ya nyuma inasogea mpaka inakaribia kugusana, na kila mtu atajua. Mabega ni shida kubwa zaidi. Koti au shati lililopwaya mabegani linahitaji kung'olewa mikono na kushonwa upya, na gharama hiyo inazidi bei ya koti lenyewe. Kwa hiyo ukiwa sokoni nunua kwa kuangalia mabega, kiuno ni kazi ya fundi. Chagua gauni ambalo mishono yake ya ubavuni haina zipu wala mifuko, kwa sababu hapo fundi anapita moja kwa moja na cherehani. Mwombe ashone kwa mshono mrefu na asikate kitambaa kinachobaki ndani. Utarudi kwake baada ya wiki chache na kazi ya kufumua itakuwa rahisi.

3. Gikomba

Kwa bei, hakuna soko la kuishinda. Marobota hufunguliwa alfajiri, wauzaji wa masoko mengine huja kujichukulia kamera, na kadiri siku inavyosonga ndivyo bei inavyoshuka mpaka kwenye fagia, yale malundo ya hamsini hamsini ambayo ukiwa na macho hutoki mikono mitupu. Tatizo ni njia ya kuyafikia. Vichochoro ni vyembamba, mikokoteni haisubiri mtu, na mvua ikinyesha unatembea juu ya matope. Kidonda kikiwa bado kibichi, usiende. Mtume dada yako na vipimo vyako kwenye karatasi.

Ukishapona, nenda mapema, baada ya kunywa chai yako, mkoba ukiwa mbele. Beba maji unywe kidogo kidogo, kwa sababu tumbo dogo halikubali chupa nzima kwa mkupuo. Kiu usiikate kwa soda, hasa ukiwa ulifanyiwa ile ya kuunganisha mfuko mdogo moja kwa moja na utumbo: sukari nyingi ikifika utumboni haraka huleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha, na Gikomba si mahali pa kutafuta choo ukiwa na haraka.

Kitu cha kufuata Gikomba ni sweta. Mafuta ya mwilini yakipungua unaanza kuhisi baridi ambayo hukuijua, na Juni na Julai ya Nairobi itakukuta hujajiandaa. Sweta haidai saizi kamili kama suruali, hivyo ya leo utaivaa mwaka mzima bila kuonekana umeazima. Chukua namba ya simu ya muuzaji uliyempenda. Soko hili limeungua mara nyingi, na kibanda ulichokizoea unaweza kurudi usikikute.

4. Masoko ya karibu na kwako

Mutindwa kwa watu wa Umoja na Buruburu, Kawangware kwa watu wa upande ule, Muthurwa ukiwa unapitia mjini. Chaguo ni dogo na saizi kubwa huisha haraka, ila huna nauli ya kulipa. Yanafaa jioni ukitoka kazini, kwa blauzi moja, si kwa kupanga kabati.

5. Wauzaji wa Instagram na WhatsApp

Picha ni nzuri mno, na hapo ndipo pa kuwa macho. Gauni linalokaa vizuri kwenye sanamu huenda limebanwa kwa vibanio mgongoni. Wengi hawarudishi pesa, na wewe mwili wako wa Jumatatu si wa Ijumaa, sembuse siku za kusubiri mzigo. Ukiamua kununua, omba vipimo kwa sentimita, kiuno na nyonga, na picha ya nguo ikiwa imetandazwa. Akikujibu "inatosha 14 hadi 18," achana naye. Wauzaji hawa wanafaa baadaye, uzito ukishakaa mahali pamoja miezi mitatu hivi. Wakati huo ndio wa kulipia kamera, ile blezi ya maana na jinzi nzuri. Viatu navyo vingoje, kwa sababu hata miguu hupungua.

6. Duka la nguo mpya

La mwisho, ukiondoa kitu kimoja: sidiria. Matiti ni kati ya sehemu zinazopungua mapema, na sidiria ya mtumba imeshavutwa ikachukua umbo la mwenyewe wa kwanza. Nenda Eastleigh ununue mbili mpya za bei nafuu, moja ikifuliwa nyingine inavaliwa. Ichague ile inayokubana vizuri ukiwa umefunga kwenye kulabu za mwisho kabisa kwa nje, ili kadiri unavyopungua uwe na kulabu za ndani za kuhamia.