Meza ya kadi nyuma ya Barabara ya Sokoine: miezi minane ya kununua, kuuza na kubadilishana

Duka lenyewe halina kibao kinachotaja kadi. Ukishuka kutoka Mnara wa Saa kwa Barabara ya Sokoine, kisha ukaingia mitaa ya nyuma yenye maduka ya vifaa vya shule, utapanda ngazi fupi, utapita marundo ya madaftari na mashine ya fotokopi isiyonyamaza, na mwisho wa chumba utakuta meza ya kioo yenye urefu wa kama mita mbili. Chini ya kioo hicho zimepangwa kadi za michezo ambazo watu huzicheza na kuzikusanya, za Pokémon, za Magic: The Gathering na za Yu-Gi-Oh!, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, na pembeni yake kipande cha karatasi chenye bei iliyoandikwa kwa mkono. Mwenye meza ni dada aliyerithi duka kwa baba yake. Kadi aliziingilia kwa sababu ya wateja wake wa madaftari: watoto wa shule za kimataifa za hapa Arusha, ambao huletewa kadi na ndugu walioko ng'ambo, na wageni waliomaliza mikataba yao ambao hutaka kupunguza mizigo kabla ya kwenda kupanda ndege KIA.

Kwa miezi minane nimekuwa mteja wake, nikinunua, nikiuza na kubadilishana kwa nia ya wazi ya kupata faida, na ninaandika kwa ajili ya mtu mwenye nia kama hiyo. Anayecheza tu, au anayemtafutia mtoto zawadi, hana haja ya kusoma mengi: pakiti mpya, zilizofungwa hata hujui zina kadi gani, ni ghali kuliko Ulaya au Marekani kwa kuwa mzigo huja kidogo kidogo ndani ya mabegi ya wasafiri, kadi za kawaida huuzwa kwa mafungu kwa bei isiyozidi soda mbili tatu, na dada huyo ana uvumilivu mkubwa kwa watoto wanaogusa kila kitu wasinunue chochote.

Kinachonirudisha pale ni lenzi yake ya kukuzia, ambayo kwangu ina thamani kuliko bidhaa zote zilizo chini ya kioo. Katika mwezi wangu wa kwanza alikuja kijana na kadi ya Magic aliyoinunua kwa mtu aliyekutana naye mtandaoni, akiwa amelipa 200,000 kwa simu. Dada aliigeuza kadi upande wa mgongo, ambako kuna vidoa vitano vya rangi, akaweka lenzi juu ya kile cha kijani, akaangalia kwa muda, kisha badala ya kutoa hukumu akamsogezea kijana lenzi na kadi mbili, ya kwake na nyingine aliyoitoa kwenye droo. "Kaka, angalia mwenyewe, usiniamini mimi." Katika kadi halisi, ndani ya kidoa hicho cha kijani, utaona nukta nne nyekundu zilizojipanga kama herufi L, ambazo jicho tupu haliwezi kuziona. Katika kadi ya kijana hapakuwa na L wala nukta. Palikuwa na ukungu wa rangi tu. Alifanya hivyo hivyo na kadi zangu za Pokémon, safari hii kwa tochi ya simu: kadi halisi ina tabaka jeusi katikati ya karatasi na hupitisha mwanga kidogo sana, ilhali tatu kati ya kumi na nne nilizompelekea siku hiyo ziliwaka kama ukurasa wa daftari. Moja ya hizo tatu ilikuwa Charizard, lile joka la Pokémon linalotafutwa sana, niliyokuwa nimeanza kuipangia matumizi kichwani.

Ni yeye pia aliyenitoa kwenye imani kwamba kadi ya zamani lazima iwe na bei. Seti ya kwanza ya Pokémon kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1999 na ilichapishwa kwa wingi, kwa hiyo mwaka peke yake hausemi kitu. Kinachotenganisha kadi ya chai na kadi ya kodi ya nyumba ni alama ndogo: muhuri wa toleo la kwanza chini kushoto ya picha, au, kwa zilizofuata mara baada ya hapo, kukosekana kwa kivuli upande wa kulia wa fremu ya picha. Wengi wanaomletea albamu nzima wakitaja mamilioni hurudi nazo nyumbani, na huwa anawaeleza sababu bila kuwacheka.

Sasa bei. Juu ya meza amebandika karatasi inayosema kwamba akinunua kwa fedha taslimu hulipa nusu ya bei ya soko, na akibadilisha kadi kwa kadi hukuhesabia asilimia 70. Bei ya soko huitazama kwenye mauzo yaliyokwisha kufanyika TCGplayer, soko la kadi la mtandaoni la Marekani, wala hatazami bei ambazo wauzaji wanazitamani, halafu huigeuza kuwa shilingi kwa kiwango cha siku. Zamani vibandiko vyake vilikuwa vya dola; viliondoka baada ya kanuni za mwaka 2025 zilizokataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na kwa maoni yangu mabadiliko hayo yametufaa wanunuzi, kwa kuwa bei iliyoandikwa haibadiliki tena ukiwa unahesabu noti.

Chukua kadi inayouzwa Marekani kwa dola 40, ambayo kwa kiwango cha 2,500 ni shilingi 100,000. Kwa taslimu utapata 50,000, na kesho yake utaiona chini ya kioo kwa 100,000 au kuzidi kidogo. Mara ya kwanza niliondoka pale nikinung'unika kwamba huo ni wizi. Niliporudi nyumbani na kupiga hesabu ya kumtumia mtu kadi nje ya nchi kwa posta, kamisheni ya mtandao wa mauzo na uwezekano wa kadi kukaa miezi mitano bila mteja, manung'uniko yaliisha; maduka ya kadi ya Ulaya na Marekani nayo hununua kwa kiwango kinachozunguka nusu hiyo hiyo. Aliye Arusha na anayetaka faida asiende pale kutafuta fedha taslimu. Aende kubadilisha.

Mfano wangu ni huu. Mfanyakazi wa kujitolea aliyekuwa akifunga virago Njiro aliniuzia kadi 320 mchanganyiko kwa 180,000. Nilikesha usiku mbili nikizichambua, nikapata 12 ambazo kila moja ilizidi 10,000, na jumla yao kwa bei ya soko ilikuwa 410,000. Kama ningechukua taslimu ningepewa 205,000, yaani faida ya 25,000 kwa usiku mbili wa kuumiza macho, nauli ya bajaji haijatolewa. Nilikubali kubadilisha kwa 287,000 na kuchagua kadi tatu za Magic zilizomo katika orodha ambayo kampuni inayozitengeneza iliiweka mwaka 1996 ikiahidi kutozichapisha tena. Sikuzichagua kwa uzuri wa picha. Kadi nyingine yoyote inaweza kuchapishwa upya mwakani na bei yake ikaporomoka, na za Pokémon zinazonunuliwa kwa ajili ya mashindano zina hatari ya ziada, maana tangu 2020 zina herufi ndogo chini pembeni, na herufi hiyo ikiondolewa katika mashindano rasmi wachezaji huimwaga kadi sokoni kwa pamoja. Mbili kati ya tatu nilikaa nazo nikimsubiri mteja, na baada ya wiki saba mkusanyaji aliyepanda basi kutoka Nairobi alizichukua kwa 230,000. Kadi 308 zilizobaki dada alizibeba kwa 15,000 ili awauzie watoto kwa mafungu. Kwa hiyo mkononi nina 65,000 za faida, na kadi ya tatu bado ninayo.

Kufungua pakiti kwa kutafuta faida ni kamari, na ninashukuru kwamba muuza pakiti mwenyewe ndiye aliyenikatalia. Pakiti ya Pokémon ya Kiingereza ina kadi 10 na boksi lina pakiti 36. Nilipouliza bei ya boksi zima alinishauri nikanunue kadi moja ninayoitaka, nibaki na chenji. Sikumsikiliza mara moja. Nilinunua pakiti sita kwa muuzaji mwingine wa mtandaoni, na nilipozitazama vizuri mishono ya mbili ilikuwa imegundishwa upya kwa gundi. Ndani hamkuwa na kadi hata moja inayong'aa. Hapo kwa dada, mzigo mpya ukifika, kila mtu hupewa pakiti mbili tu ili vijana wasizilangue. Amri hiyo iliniudhi mwanzoni, labda kwa sababu kulangua ndiko hasa nilikokuwa nimekujia. Lakini mwaka 2021, wakati wa homa ya kadi, maduka ya Target huko Marekani yalifikia hatua ya kusimamisha kuziuza madukani baada ya wateja kugombana, kwa hiyo pakiti mbili kwa mtu si ukali.

Huduma yake ya kupeleka kadi kupimwa ubora ndiyo ninayoisifu kidogo kuliko zote. Hukusanya kadi za wateja, humpa ndugu anayesafiri, nazo hupelekwa PSA, kampuni ya Marekani iliyoanza 1991, ambayo huipa kadi alama kati ya 1 na 10 na kuifunga ndani ya kasha gumu lisilofunguka bila kuvunjwa. Nilipeleka mbili kwa 75,000 kila moja na kusubiri miezi mitano. Zilirudi na 9 zote mbili. Tofauti ya bei kati ya 9 na 10 ni pengo kubwa, na kadi zangu zenye 9 ziliuzika kwa kiasi kile kile ambacho ningepata zikiwa bila kasha, ukiongeza gharama ya kuzipima. Dada hakunidanganya: kabla sijalipa alinionyesha weupe kama ncha ya sindano kwenye kona ya mojawapo, na kwamba fremu ya nyingine ilikuwa imeegemea kushoto. Niliona, nikajifanya sikuona. Kwa hiyo lawama ninaigawa, ila nadhani angeweza kusema tu "usipeleke", kama alivyosema kuhusu boksi.

Kasoro nyingine ni zake peke yake. Aliniuzia mifuko ya plastiki ya kadi za Pokémon, zenye milimita 63 kwa 88, nikiwa nimemwambia ni kwa ajili ya Yu-Gi-Oh!, ambazo ni ndogo, milimita 59 kwa 86. Kadi ziliteleza ndani hadi moja ikapinda kona, na kwa kuwa pakiti ya mifuko ilikwishafunguliwa hakunirudishia fedha, alinipunguzia 3,000 katika manunuzi yaliyofuata. Siku za wiki mezani hukaa kijana wa fotokopi ambaye hajui bei na hujibu kila swali kwa "njoo Jumamosi". Kadi unazomwachia auze kwa kamisheni ya asilimia 15 huandikwa kwenye daftari la kaunta lisilo na nakala, nami sasa hupiga picha ya ukurasa kila ninapoacha kitu. Tena meza inatazama dirisha, jua la mchana huipiga, na wakati wa masika kadi zinazong'aa hujikunja kama makapi ya mahindi kwa sababu karatasi hunywa unyevu na tabaka la kung'aa halinywi. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vingesaidia sana, na havigharimu kitu.

Ipo pia kanuni moja ambayo haikuandikwa popote. Jumamosi moja nilikutana kwenye ngazi na mvulana wa kama miaka kumi na moja akiwa na albamu. Nikaipekua, nikaona kadi yenye muhuri wa toleo la kwanza, nikamwambia nitampa 10,000. Akasema kwanza amwonyeshe anti. Alipoingia na kusema "Shikamoo anti", dada aliipokea albamu, akaitazama kadi ile, akaifunga, akampigia simu mama yake mvulana kumweleza kwamba mtoto ana kitu cha thamani na kwamba hanunui kwa mtoto bila mzazi kuwepo. Kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini, "Kaka, na ngazi zile ni za duka hili." Sikuwa na jibu, na kwa wiki mbili sikuonekana pale.

Niliporudi hakulizungumzia tena. Kadi yangu ya tatu aliiweka chini ya kioo kwa 90,000, jina langu likiwa daftarini, na nilimkumbusha mara mbili habari ya jua. Jumamosi iliyopita niliikuta imehamishiwa upande wa pili wa meza, kwenye kivuli, na pale ilipokuwa pamepangwa kalamu za wino na rula.