Jiki katika gesti ya Malaba: uzoefu wangu na dawa za kuua vijidudu

Naendesha gesti ndogo Malaba, upande wa Uganda. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori na utingo wao wanaosubiri karatasi za forodha. Leo chumba analala mtu aliyetoka Mombasa, kesho analala anayerudi kutoka Kigali au Juba. Kwangu dawa ya kuua vijidudu ni kifaa cha kazi sawa na shuka. Nimetumia za aina tatu: jiki, zile za maji zenye harufu ya msonobari au limau, na spiriti. Mwenye pesa ya chupa moja tu namwambia anunue jiki. Ila jiki ya kumiminwa ndooni kwa kukisia, mopu ikapita, sakafu ikakaushwa papo hapo, haifanyi kazi uliyoilipia.

Kabla ya yote, angalia lebo. Ninayonunua imeandikwa haipokloriti ya sodiamu, yaani klorini inayoua vijidudu, asilimia 3.5, na vipimo vyote vinatoka kwenye namba hiyo. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, kisha Novemba ikaonekana Jinja, sisi wa barabara hii tuliiona imeshafika mlangoni. Ile ilikuwa Ebola ya aina ya Sudan, isiyokuwa na chanjo iliyoidhinishwa, kwa hiyo usafi ndio tuliokuwa nao mkononi. Muuguzi wa kituo cha afya alitufundisha kipimo ambacho sijakiacha hadi leo: kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5, vikombe sita vya maji. Hapo unapata klorini ya asilimia 0.5. Hiyo ni ya damu, matapishi na choo alichotumia mgonjwa wa kuhara.

Kwa kazi ya kila siku, yaani vitasa, swichi, meza na sakafu, 0.5 ni kali mno; itakula chuma na kuwasha macho ya anayesafisha. Asilimia 0.1 inatosha. Kwa maji ya lita 10 unaweka jiki mililita 300, na mililita 300 ndiyo soda ya chupa ya kioo tunayoijua sote. Nilijaza maji kwenye chupa ya soda, nikayamimina katika kikombe cha plastiki, nikachora mstari yalipoishia. Kikombe hicho hakitoki stoo ya usafi. Tafadhali, mama yangu, usiweke jiki yenyewe ndani ya chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kwa dakika chache. Mtoto hajui kusoma, na rangi yake haimwonyeshi kwamba si maji.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipigania kila anapoanza kazi msichana mpya wa usafi. Klorini haichagui. Ikikutana na matope, mafuta, mate au damu iliyoganda, inamalizikia humo, na vijidudu vilivyo chini vinabaki salama. Kwa hiyo kwanza sabuni na maji, sugua, suuza, ndipo jiki. Kisha eneo libaki limelowa. Kwa damu na matapishi nasubiri dakika kumi kamili. Meza na vitasa navilowesha vya kutosha, navipa dakika hizo hizo, kisha nahamia chumba kingine. Jua la Malaba linakausha haraka, na meza ikikauka kabla ya muda napaka tena. Muda huo ndio unaoua. Kupangusa peke yake kunasambaza tu kile kilichokuwa pale. Baada ya hapo napitisha kitambaa chenye maji safi, hasa kwenye mabomba ya chuma na meza ya kulia chakula.

Damu nina utaratibu wake. Glavu kwanza, kisha kitambaa au karatasi juu ya damu, namwagia jiki ya moja kwa sita taratibu kuanzia pembeni kwenda katikati, nasubiri, naokota vyote kwenye mfuko, nasafisha kwa sabuni, halafu namalizia na jiki tena. Inachukua muda, na dereva anayesubiri chumba hukasirika. Asubiri.

Mchanganyiko wa jana namwaga. Jiki iliyochanganywa na maji inapungua nguvu, na joto na mwanga vinaharakisha. Nachanganya asubuhi kwa maji baridi, kwa sababu maji moto yanaivunja, na naweka kwenye ndoo yenye mfuniko, kivulini. Chupa yenyewe nayo iwe isiyopitisha mwanga.

Hapa ndipo nina ugomvi na ile jiki ya kupimiwa sokoni, inayouzwa kwenye chupa kuukuu za maji bila lebo. Bei yake inavutia, lakini huwezi kupiga hesabu ya kitu usichojua ukali wake. Inaweza kuwa asilimia 3.5, inaweza kuwa maji yenye harufu. Mimi natafuta chupa iliyofungwa vizuri, yenye asilimia, tarehe ya mwisho na alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Bila hivyo sinunui, hata muuzaji awe jirani.

Dawa za harufu nzuri nazitumia, lakini kwa kazi yake. Nyingi zina benzalkoni kloridi, kemikali ya kuua vijidudu isiyo klorini ya jiki, na kwa sakafu ya baraza na meza ya mapokezi zinafaa vizuri: hazibabui rangi, hazili chuma, na mteja akiingia anasikia usafi. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya virusi vya kuhara na kutapika, kama norovirusi, havina utando wa mafuta, na dawa hizi hazivishindi kirahisi. Virusi vya Ebola vina utando huo, ndiyo maana klorini inavimaliza upesi. Vile vya kuhara ni vigumu zaidi na vinahitaji jiki yenye nguvu. Pia sabuni iliyobaki sakafuni inaziharibu dawa hizi, kwa hiyo usipoisuuza sabuni unajirudisha nyuma. Harufu kali isikudanganye. Mgonjwa wa kuhara akitoka chumbani, mimi nafuata jiki.

Spiriti ya asilimia 70 ni ya rimoti, simu ya mapokezi na funguo. Wengine hutafuta ya asilimia 95 wakidhani kali zaidi ni bora. Sivyo. Pombe iliyo ndani ya spiriti inahitaji maji kidogo ili iweze kuharibu protini za kijidudu, na ile ya 95 inaruka hewani kabla haijamaliza kazi. Sakafu nzima usiifanyie spiriti; ni ghali na inashika moto.

Kuhusu pampu: watu wengi tangu 2020 wananyunyizia vyumba kama wanavyonyunyizia shamba. Shirika la Afya Duniani lilieleza Mei mwaka huo kwamba kunyunyizia ndani si njia ya kutegemea, kwa sababu dawa haifiki chini ya uchafu wala kwenye pembe, na kumnyunyizia mtu ni marufuku kabisa kwa kuwa kunamdhuru. Kitambaa na mkono wenye glavu ndivyo ninavyotumia.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu za gesti ni ndogo, dirisha ni kama kitabu. Choo chenye mkojo uliokaa nacho kioshwe kwa maji mengi kwanza, kwa sababu amonia ya mkojo na jiki vinatoa hewa inayochoma kifua. Nikitumia dawa ya choo asubuhi, nasuuza vizuri, na jiki inasubiri zamu nyingine. Mlango wazi, dirisha wazi.

Godoro usilimwagie jiki, sponji itaoza. Magodoro yangu yote yana kava ya rexini, nayo napangusa kwa ile ya 0.1 kisha kwa maji. Mapazia na shuka za rangi zitababuka. Kunguni nao, wateja huuliza sana: jiki si dawa yao.

Nikilinganisha pesa na kazi, jiki naipa alama za juu kabisa, za harufu naziweka katikati, na spiriti ni msaidizi wa vitu vidogo. Kwa gesti ya ukubwa wa yangu nanunua chupa ndogo ndogo badala ya dumu la lita tano, kwa sababu hata kabla ya kuchanganywa nguvu inashuka ikikaa miezi stoo penye joto. Siku ya kufungua naiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa, na ya zamani inatumika kwanza.