Boksi la Sound System la The Clash: nimelisikiliza lote, watu wa 1977 mtanisamehe

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza: ni bei mbaya. Boksi hili lilitoka 2013, lina umbo la redio kaseti kubwa, zile za kubeba begani, na aliyelibuni ni Paul Simonon mwenyewe, mpiga besi wa The Clash, bendi ya London ya panki, ile roki ya kasi na hasira. Ndani mna albamu tano za studio, kuanzia ile ya kwanza ya 1977 hadi Combat Rock ya 1982, CD tatu za ziada zenye singo na rekodi zilizobaki nje ya albamu, DVD moja, halafu vikorokoro vya kumfurahisha shabiki: beji, stika, kijitabu. Langu ni la mtumba. Shemeji alinibebea kutoka Uingereza kwenye begi la nguo. Stika wamezimaliza watoto siku hiyo hiyo. Mimi nilitaka sauti.

Na sauti imesafishwa kweli. Albamu hizi nilikuwa nazo kwa kuokoteza, kaseti moja huku, faili bovu kule, na kwenye nakala zile dramu zilisikika kama mtu anayekung'uta godoro. Humu unasikia fimbo inavyogonga ukingo wa dramu ndogo, unasikia matoazi ya mguu yanavyofunguka na kufunga. Nimelitaja mapema kwa sababu baada ya kuzipiga zote kwa mfuatano nimeona kwamba ule ubishi wetu wa miaka yote, eti The Clash walibadilika au walijiuza, unakaa vizuri ukimfuatilia mtu mmoja tu, yule aliyekaa nyuma ya wenzake, mpiga dramu Topper Headon.

Kwa asiyeujua ubishi wenyewe: mashabiki wa bendi hii hawakai meza moja. Kuna watu wa 1977, ambao kwao albamu ya kwanza ndiyo panki na baada ya hapo ni biashara. Nyimbo fupi, gitaa mbili zinagombana, mwimbaji Joe Strummer anabweka zaidi ya kuimba. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema bendi ilikufa kabla hata ya albamu, Januari 1977, iliposaini na kampuni ya rekodi ya CBS kwa pauni 100,000. Mark Perry, aliyekuwa akitoa kijarida cha mashabiki cha Sniffin' Glue, ndiye aliyetamka kwamba panki ilikufa siku ile. Halafu kuna watu wa London Calling, hao ndio wengi na ndio watulivu. Na kuna sisi wachache wabishi wa Sandinista!, santuri tatu kwa mpigo, nyimbo 36. Nimejitaja sasa hivi ili mjue mnayemsoma ni wa upande gani.

Mjomba wangu ni wa 1977, tena damu. Alikuwa Uingereza miaka ile akisomea ufundi. Nilipompigia kumwambia nimepata boksi, salamu hazijapoa akaanza.

"Sikiliza ile ya kwanza. Hizo nyingine, mjomba, ni watu wamepata hela wakaanza kujifunza muziki."

"Sasa mjomba, kujifunza muziki nako ni dhambi?"

"Kwenye panki, ndiyo."

Nimtendee haki. Albamu ya kwanza bado inauma. Dramu humo kazipiga Terry Chimes, ambaye alikuwa njiani kuondoka na kwenye jalada wakamwandika "Tory Crimes" kwa kejeli. Anapiga moja kwa moja, hana mapambo, na nyimbo zile hazikuhitaji zaidi ya hapo. Lakini watu wa 1977 wana wimbo mmoja wanaoupita kimya kimya kila tukibishana. Katikati ya vinyimbo vya dakika mbili umekaa "Police and Thieves" wa Junior Murvin wa Jamaika, na unakwenda dakika sita. Mimi niliingia kwa The Clash kupitia mlango huo. Rege nyumbani kwetu ilikuwa mkate wa kila siku, sauti nyembamba ya Murvin niliijua kabla sijajua panki ni nini. Kwenye rekodi yake gitaa linakata pale ambapo dramu haipo, kama rege inavyotaka. The Clash wakagawana: gitaa moja linapiga juu ya mdundo, jingine linapiga kwenye nafasi. Vaa hedifoni uwasikilize wawili hao wanavyosukumana. Hawakuwa wanaiga rege, na panki ya kawaida nayo haiko hivyo. Ni kitu cha tatu, na kimo kwenye albamu ile ile ambayo mjomba anaiita safi.

Wala hakikushuka kutoka mbinguni. Simonon aliishi Brixton, jirani na Wajamaika. Kwenye klabu ya Roxy pale London, DJ Don Letts alikuwa akipiga rege kwa sababu santuri za panki zilikuwa bado hazijatosha kujaza usiku. Mwaka huo huo Bob Marley akaitaja The Clash ndani ya wimbo wake. Anayesema rege iliingia baadaye kuja kuharibu mambo, arudie upande ule ule anaoutetea.

Kilichokosekana kilikuwa mpigaji wa kuyabeba hayo yote. Akaja Topper Headon, 1977, albamu ya kwanza ikiwa tayari. Huyu alishapitia soul na jazi, na alipanga akae mwaka mmoja hivi ajitengenezee jina kisha aende zake. Give 'Em Enough Rope ya 1978 ndiyo albamu yao ya kwanza kumsikia, na humu kwenye boksi ndiyo niliyoirudia mara chache zaidi. Prodyuza alikuwa Mmarekani, Sandy Pearlman, gitaa zimerundikwa hadi paa, ikafika namba 2 Uingereza, na sijawahi kukutana na shabiki anayeipigania. Pearlman alimwita Headon mashine ya dramu yenye mwili wa binadamu, na kwa hilo tu namsamehe mengine. Ruka uende kwenye CD za ziada, utafute "(White Man) In Hammersmith Palais", singo ya Juni 1978. Strummer alikwenda kwenye onyesho la rege la usiku kucha akitegemea muziki wa uasi, akakuta burudani ya kawaida, akarudi kuandika wimbo unaomsema kila mtu pamoja na bendi za panki zenyewe. Wimbo unakwenda polepole, na hasira haijapungua hata kidogo.

London Calling ilitoka Uingereza tarehe 14 Desemba 1979, santuri mbili kwa bei ya moja, nyimbo 19, mmoja wao haukuorodheshwa kwenye jalada kwa sababu uliongezwa dakika za mwisho. Sifa zake mmeshazisikia, na ile picha ya Pennie Smith ya Simonon akivunja besi jukwaani New York iko kwenye fulana hata za watu wasiojua kama The Clash ni bendi. Nitasema mambo mawili tu. La kwanza ni "Brand New Cadillac", wimbo wa zamani wa Vince Taylor. Waliupiga kama kupasha moto studio. Walipomaliza Headon akasema urudiwe, mdundo umekimbia. Prodyuza Guy Stevens, ambaye wao wakirekodi yeye alikuwa akirusha viti na kuzungusha ngazi ili damu ichemke, akakataa: umepita. Usikilize mwanzo halafu ruka mwishoni. Kweli umekimbia, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Mtu mwenye saa kichwani kama Headon akipoteza saa, ujue chumba kizima kilikuwa kinawaka. La pili, albamu hii inatoka kwenye rokabili inaingia kwenye ska, mara jazi ya kivivu, mara tarumbeta, mara Simonon anaimba wimbo wake kuhusu Brixton juu ya besi nzito ya rege, na hakuna mahali unaposikia dramu zikijikwaa. Zifute hizo dramu uweke za 1977, nusu ya nyimbo zinaanguka.

Sasa Sandinista! ya Desemba 1980. Mjomba hataki hata kulisikia jina. Hapa malalamiko ya mashabiki yana msingi: santuri tatu ni nyingi, upande wa sita umejaa matoleo ya dabu (rege iliyochanganywa upya, sauti za kuimba zikipunguzwa), na kuna mahali watoto wa mpiga kinanda, Mick Gallagher, wanaimba wimbo wa albamu ya kwanza kwa sauti za chekechea. Ila kabla hujasema walijiuza, kumbuka kwamba ili santuri tatu ziuzwe kwa bei ndogo bendi ilikubali kutolipwa mrabaha wa nakala 200,000 za kwanza Uingereza. Biashara gani hiyo?

Na sikiliza wanachokifanya. "The Magnificent Seven" ni rapu, kutoka kwa Waingereza wazungu, 1980, walipokuwa New York hip hop ndiyo kwanza inatoka mitaani. Besi humo hata si ya Simonon, ni ya Norman Watt-Roy wa The Blockheads. Chini yake Headon anapiga mdundo mmoja mkavu, hauongezi wala kupunguza, na kwa mpiga dramu hiyo ni kazi ngumu kuliko kelele. Kwingineko anaimba yeye mwenyewe wimbo wa disko. Kuna jazi ya Mose Allison. Kuna dabu iliyosimamiwa na Mikey Dread. Bendi yenye mpigaji wa aina moja ingeishia nyimbo nne.

Mashabiki walilipokeaje? Nenda Mei na Juni 1981, ukumbi wa Bond's, Times Square. Maonyesho yalipangwa manane, tiketi zikauzwa kupita uwezo wa ukumbi, idara ya zimamoto ikaingilia, na ili kila mwenye tiketi apate haki yake bendi ikapiga maonyesho 17. Kutangulia jukwaani wakawaalika Grandmaster Flash and the Furious Five. Watu waliokuja kwa ajili ya panki wakawazomea na kuwarushia vitu, hadi The Clash wakawagombeza mashabiki wao wenyewe. Siku zile WBLS, redio ya watu weusi pale pale New York, ilikuwa ikiupiga "The Magnificent Seven". Kwa hiyo wasikilizaji wapya waliwaelewa, wa zamani ndio walioshika chupa. Kila nikisoma mtu akilia kwamba bendi iliwaacha mashabiki wake, huwa nafikiria ukumbi ule, nani hasa alimwacha nani.

Combat Rock, 1982, ndiyo iliyouza Marekani. Mpiga gitaa Mick Jones alitaka iwe ndefu, wakamkabidhi prodyuza Glyn Johns akaikata. "Rock the Casbah" ulifika namba 8 kule, na watu wa 1977 huutaja wimbo huu kama ushahidi wa mwisho. Haya, nani aliutengeneza? Headon. Wenzake hawakuwepo studio, akapiga dramu, akapiga piano, akapiga besi, Strummer akaja kuweka maneno. Mwezi ule ule albamu inatoka, Mei, wakamfukuza kwa sababu ya heroini. Kwenye video ya wimbo wake mwenyewe anayeonekana kwenye dramu ni Terry Chimes, aliyeitwa kuziba pengo. Oktoba wanapiga Shea Stadium kuwatangulia The Who, Chimes akiwa nyuma. 1983 wakamtoa Mick Jones. Albamu ya 1985, Cut the Crap, ina mashine ya dramu, safari hii mashine kweli, na humu kwenye boksi haimo. Wameiruka kama haikuzaliwa, na sikuona pengo.

Kwa hiyo nani alinunue? Kama una albamu zote na masikio yako hayadai, CD tatu za ziada na DVD hazitoshi kuhalalisha bei. Kama unazo nakala chakavu kama nilizokuwa nazo, dramu pekee zinalipa. Mgeni kabisa achukue London Calling peke yake, na aliyelelewa na rege aanze na CD za singo, si albamu ya kwanza, hata mjomba akinuna.

Kuhusu Sandinista!, mashabiki tuna mchezo wa zamani: ipunguze iwe santuri moja, nyimbo 12. Mimi nabakiza "The Magnificent Seven", "Somebody Got Murdered", "Police on My Back" waliouchukua kwa The Equals ya Eddy Grant, "Washington Bullets", "Charlie Don't Surf", "Street Parade", halafu zile sita za mwisho nazibadilisha kila nikisikiliza. Nilimsomea mjomba orodha kwenye simu. Akaniuliza kama naruhusiwa kuendelea kupunguza.