Boti ya kukodi, Kibirizi hadi Gombe: uzoefu wa mtu anayeogopa maji

Mimi ni mtu wa Nzega. Maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, na hata hilo tulikatazwa kulisogelea. Ofisi ilipopitisha kwamba matembezi ya mwaka huu ni Gombe, hifadhi ya sokwe kandoni mwa Ziwa Tanganyika, na nikasikia Gombe hakuna barabara, ni ziwa tu, niliuliza kama mchango wangu unaweza kurudishwa. Haukurudishwa.

Tulikuwa watu kumi na wawili, boti ya mbao yenye turubai juu na mashine moja nyuma, elfu ishirini na tano kila mtu. Hiyo ni ya boti tu, kiingilio cha hifadhi mbali. Tuliambiwa tuwe Kibirizi, ufukweni Kigoma, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Boti ilikuja saa mbili kasoro, eti walikuwa wanasubiri petroli. Wenzangu walitumia muda huo kunywa chai na chapati. Mimi nilikuwa nahesabu mawimbi.

Jaketi okozi zilikuwepo za kutosha, hilo nawapa haki yao. Ila langu lilikuwa limekatika kifungo cha kifuani, wakakiunga kwa kamba. Nikaomba jingine. Kijana wa boti akacheka: "Dada, hiyo kamba ni imara kuliko kifungo chenyewe." Sikucheka. Nahodha, mzee asiye na maneno mengi, akavua la kwake akanipa, akavaa lile la kamba. Hakusema kitu.

Sasa, waoga wenzangu mtanielewa. Kinachochosha kuliko woga wenyewe ni watu wa kukwambia usiogope. Nilikuwa nao kumi na mmoja. Na mhasibu wetu, ambaye hakosi takwimu, alingoja mpaka nyumba za Kibirizi zimekuwa ndogo ndipo atangaze kwamba Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, mita 1,470. Nikakumbatia nguzo ya turubai.

"Huko kwenye kina chenyewe ni kusini, mwanangu," nahodha akasema. "Sisi tunatembea na ufuko. Ukiona nimegeuza pua kuelekea Kongo, hapo ndipo uanze kusali."

Akaniita nikae karibu naye, nyuma. Wimbi likija kubwa alipunguza mashine kwanza, akalipokea kwa pua, kisha akaongeza moto. Baada ya mawimbi kama kumi nikaanza kuyajua kabla hajagusa mashine. Akaniambia pia kitu ambacho ningependa kiandikwe kwenye kila boti: abiria wakikimbilia wote upande mmoja kupiga picha, hapo ndipo anapoogopa yeye. Tangu hapo kazi yangu ikawa kuwafokea wenzangu wakae chini. Woga ukapata ajira.

Ndipo nikaweza kutazama. Milima imeshuka mpaka majini, wavuvi wa usiku wanarudi na taa zao, akina mama wanaanika dagaa mchangani. Kilomita kama 16 tu kutoka Kigoma mjini, tulitumia saa moja na nusu.

Gombe yenyewe sitaieleza sana. Muongoza watalii alitugawa makundi mawili, tukavaa barakoa kwa sababu sokwe huambukizwa mafua yetu, tukapanda mlima hadi magoti yakalalamika. Kundi langu liliwaona sokwe watano, mmoja mama na mtoto mgongoni. Saa moja ya kuwatazama ikaisha kama dakika kumi. Kilichonikaa ni jambo dogo: Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika ufuko huuhuu Julai 1960, kwa boti, akiwa na miaka 26, na mama yake pembeni. Nikafikiri, hata yeye alikuja na mtu wa kumshika mkono. (Jihadharini na nyani wa ufukweni. Mandazi yetu yote yaliondoka na dume mmoja aliyetembea taratibu kabisa, kama ameyalipia.)

Kurudi ndiko kulikuwa na shughuli. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya kuchelewa kwa asubuhi, na mchana upepo ulikuwa umeamka. Maji yaliingia, tukalowa wote, mhasibu akatapika na takwimu zake. Mimi nilikuwa nyuma, nimelowa chapachapa, namwambia, "Linakuja jingine, shika."

Ukienda, kubaliana nao muda kwa maandishi, na usilipe zote kabla mashine haijawaka. Jaketi lako likague ukiwa bado mchangani, usingoje kuingia. Boti naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zimekwenda na petroli na ile kamba. Nahodha ningempa zote tano, ila nilipomwambia nitamwandika akajibu niandike mashine inahitaji plagi mpya.