Boti za kwenda kuona matumbawe Tanga: mwongozaji noma, miwani hovyo

Wale vijana wa boti za kwenda kisiwa cha Ulenge nawapa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata sababu ya miwani ya kuzamia, inavuja balaa, bora ubebe yako. Nahodha mstaarabu, life jaketi zipo, msosi wa kawaida tu.

Ila mwongozaji wao jamani, yule jamaa ni mwalimu! Wengi tunaona matumbawe laini yanayumbayumba tunadhani ni mteremko kwa samaki maana hayakimbii wala hayana lile gamba la mawe, kumbe ndani yamejaa vijiti vidogovidogo vya chokaa na juu yake kuna sumu za aina ya terpeni, samaki akidonoa anatema. Na zamani watu walihisi sumu inatoka kwa vijimwani vinavyoishi humo ndani, ila mwaka 2022 watafiti wakaonyesha jeni za vimeng'enya vya kuanzishia terpeni zimo kwenye DNA ya tumbawe lenyewe, yaani kiwanda ni chake.

Sasa kuna huyu kauri, konokono wa baharini mwenye gamba jeupe pee, Ovula ovum, anakula Sarcophyton, aina ya tumbawe laini, bila wasiwasi, ile sumu yake iitwayo sarkofitoksaidi anaipunguza oksijeni tumboni inapoa makali, anaendelea kula zake. Mimi hoi 😂

Nendeni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na masika msijisumbue, maji yanakuwa tope huoni kitu. Bei mnaelewana, mkiwa wengi inashuka.